Uso wa Mukubwa wa Mashofere

Goma, tarehe 14 Septemba 2020

Yaya Asma,

Asalaam alaykum, dada yangu mukubwa, wewe na shemeji Nuhu na watoto. Hapa Birere tuko wazima. Muguu wa mama umepungua kuvimba, anatembea mpaka kwa jirani bila fimbo, na ukimuambia apumzike anakasirika. Ile maharage ulituma ilifika. Mahamudi, shofere wa lori wa kampuni yetu, aliishusha kwenye kamio yeye mwenyewe akaiingiza mpaka jikoni.

Sasa sikia. Patron Viateur amenipa kazi ya yule muzee aliyeenda pensheni. Niko mukubwa wa mashofere wote wa kampuni, wa Rutshuru, wa Butembo, wa Bukavu. Biro yangu iko Himbi, kwenye ghorofa, dirisha moja inaangalia ziwa na ingine inaangalia parkingi ya makamio. Ni wanaume watupu, Yaya, na wengine walianza kushika usukani kabla mimi nizaliwe.

Kabla nianze, Patron alinituma kwenye semina ya wakubwa wapya wa kazi. Aliyetufundisha ni mama mumoja wa Kinshasa, Madame Fabiola. Nilifikiri atatufundisha hesabu na sheria. Alitufundisha kusimama. Namna ya kuingia kwenye chumba, namna ya kukaa kwenye kiti bila kujificha ndani yake, mikono uiweke wapi, unyamaze namna gani kabla ya kuanza kusema. Siku ya kwanza tulikuwa tunapiga kelele kama watu wa soko. Yeye akaingia, mama mufupi, hanifiki begani. Hakusema kitu. Alitembea mpaka mbele, akaweka kibeti chake juu ya meza, akatuangalia mumoja mumoja, polepole, kama mama anayetazama kama watoto wote wamerudi nyumbani. Kelele ikaisha yenyewe. Nilisikia mwili wangu unasisimuka. Sikujua mutu anaweza kufanya vile na mabega na macho tu.

Mwisho wa semina alinishika mukono akasema, "Watu wako watakutazama usoni kabla ya kusikiliza unachosema. Kama uso unasema kitu kingine, wataamini uso."

Sasa najizoeza mbele ya kioo cha mama. Mama anauliza kama nimepata muchumba.

Mudogo wako,
Ramla


Kiwanja, tarehe 29 Septemba 2020

Mudogo wangu Ramla,

Wa alaykum salaam. Barua yako niliisoma kwa sauti na Nuhu akaniomba nirudie pale pa kibeti. Sisi tuko. Mvua imeanza, bei ya maharage imeshuka, mutoto wetu Jumaine ametoka jino la mbele na anapiga filimbi kwa lile pengo siku nzima. Malewa yangu ya chakula inajaa watu. Tangu upewe hiyo kazi mashofere wako wote wanataka kula kwangu, sijui ni juu ya chakula ao ni juu ya kuniuliza habari zako.

Nikuambie ukweli, wanakuiga. Juzi Mahamudi alisimama katikati ya meza, akatoa kifua, akaanza kutembea kama unavyotembea kwenye parkingi. Watu walicheka mpaka mumoja akapaliwa na bugali. Habumugisha peke yake hakucheka. Unamujua, yule muzee wa Kibati mwenye kamio ya bluu, anayekula polepole. Alimaliza tonge yake, akanawa mikono, akasema, "Mutu anajifunza kutembea, munacheka nini? Mumuache atembee."

Hakupandisha sauti. Mahamudi akakaa. Mimi nilikuwa na sahani mukononi, nikasahau ilikuwa ya nani. Ramla, nimeona wakubwa wa jeshi wanaingia hapa na hawajanifanya vile. Nilijiuliza kama ni kitu kile kile Madame wako anafundisha, ao ni kitu kingine chenye kufanana nacho.

Nipigie kwa video nione hicho kifua.

Yaya wako,
Asma


Goma, tarehe 2 Novemba 2020

Yaya Asma,

Mungu awalinde wote. Mama muzima. Jumaine muambie jino jipya litaota, asiogope.

Video haitawezekana, kamera ya simu imekufa. Na ukipiga nisipojibu, usisikie vibaya, ni koo inanisumbua. Afazali tuandikiane, Mahamudi anapita kwako kila wiki. Hapa watu wengi bado wanavaa maski juu ya hii ugonjwa. Mimi pia.

Kazi inaendelea. Nimejifunza kusema maneno machache. Habumugisha alikuja ku biro juu ya freni za kamio yake, anasema hazimupendezi, hazishiki kamio ikishuka. Nilipeleka neno kwa Patron, Patron akasema tungoje mwezi wa kumi na mbili, makamio yote yataingia garaji pamoja. Nikamurudishia Habumugisha lile neno. Aliniangalia kidogo, akasema, "Ndiyo, chefu," akatoka.

Nikuulize kitu. Uliwahi kuona mutu anayelala jicho moja wazi? Ni swali tu.

Ramla


Kiwanja, tarehe 21 Novemba 2020

Ramla,

Salamu kwako na kwa mama. Nuhu alishikwa na malaria, amepona. Watoto wazima.

Barua yako ilikuwa fupi kama ya mutu anayeandikia serikali. Ulikuwa unaniandikia mpaka ukubwa wa samaki mulikula. Nilipiga simu kwa mama, nikamuuliza una nini, akaniambia mbuzi wa jirani amezaa. Nikauliza tena, akaniambia mbuzi amezaa mapacha.

Mahamudi anasema hautoi maski hata kama uko peke yako uani. Anasema chai unakunywa umegeukia ukuta. Anasema siku hizi humusalimu mutu, unainamisha kichwa unapita, na mashofere wanasema ukubwa umekuingia. Nilikutetea. Lakini usiku nilimuambia Nuhu labda ni kweli. Labda biro ya kuona ziwa inafanya mutu asahau nani alimubeba mugongoni.

Kama kuna mutu amekupiga, niambie. Kama ni mimba, niambie. Kama ni kiburi, niambie pia, nitakupiga mimi mwenyewe, itaisha.

Jicho moja wazi sijaona.

Asma


Goma, tarehe 10 Desemba 2020

Yaya wangu,

Salamu ya amani. Barua hii inakuja na Mama Kaswera wa vitunguu kwa sababu makamio yetu haitembei. Mama usimukasirikie, mimi nilimuapisha.

Ilianza asubuhi moja ya mwezi wa kumi. Nilikuwa nasukutua kinywa na maji ikatoka upande wa kuume bila mimi kuitema. Nikatazama kioo. Nusu ya uso wangu ilikuwa imeshuka, kama nguo iliyotoka kwenye musumari. Jicho la kuume halikufunga. Nikajaribu kucheka, upande wa kushoto ukapanda peke yake na ule mwingine ukabaki unautazama. Daktari akasema ni mushipa wa uso umevimba, si ugonjwa ya kichwa, hainiui. Uso unaweza kurudi kwa miezi michache, ao ugonjwa ikabaki kidogo. Alinipa vidonge na dawa ya kutia kwenye jicho. Lakini herufi za midomo zilinikimbia, Yaya. B, p, m. Jina langu mwenyewe linanishinda.

Sikumuambia mutu. Nilikuwa nimeanza tu kazi ile, na nilikuwa nimefundishwa kwamba uso ndio unaongoza. Nilisema nitaufunika mpaka urudi.

Halafu Habumugisha. Nadhani umesikia. Alikuwa anashuka kutoka kwenu, amejaza viazi, na pale kwenye kona ya Kibati freni zikakataa. Mbele yake kulikuwa wamama wanatoka soko, barabara nzima, na mizigo kichwani. Wanaeleza kwamba alipiga honi mara moja, akawatazama, akakata usukani, akaipeleka kamio kwenye mawe ya volkano. Hakuna mama hata mumoja aliyechubuka. Yeye alikufa palepale. Mimi nilifika, nikaona alama za magurudumu, zimenyooka mpaka kwenye mawe kama kuna mutu aliyezipima. Hakuyumba. Nilisimama pale nikashindwa kuondoka.

Kwenye kilio nilienda na Patron. Muke wake, Mama Mukamugema, alikuwa amekaa kwenye mukeka katikati ya wanawake, na mashofere wote wamesimama nyuma. Nilipiga magoti. Akanitazama, akasema, "Toa hiyo kitambaa, nione nani ananisalimia."

Ningekataa namna gani? Niliitoa. Nilitaka kusema pole, nilitaka kutaja jina la bwana yake, nikasikia kwenye midomo kwamba halitatoka. Na kwa ile kujikaza nisilie, upande wa kushoto ukapanda. Yaya, nilicheka. Moyo wangu ulikuwa unapasuka na uso wangu ukacheka mbele ya mujane. Nilisikia mutu nyuma anasema "Aa" kwa sauti ya chini. Nikarudisha maski nikatoka bila neno.

Kesho yake mashofere waliegesha makamio, wakaacha funguo kwa mulinzi. Wanasema hawatafanya kazi chini ya mutu aliyecheka kwenye kilio cha Habumugisha. Siku ya kwanza, Jumatatu asubuhi, watakuja kwenye parkingi kusikia jibu. Patron anataka naibu wangu Mbarushimana aseme nao, mimi nibaki nyumbani mpaka nipone, na kazi aishike yeye. Hakuniambia kwa ubaya. Alinitazama kama mutu anavyotazama kitu kilichovunjika mukononi mwake.

Na freni, Yaya. Mimi ndiye niliyemuambia angoje.

Ramla


Kiwanja, tarehe 12 Desemba 2020

Ramla, mutoto wa mama yangu,

Sina salamu ndefu. Tuko wazima.

Nilikuwa nimesikia. Walikaa kwenye meza zangu wakaeleza yote, ile kucheka na ile kutoka. Usiniulize walisema nini, na usiniulize mimi nilijibu nini. Hiyo itabaki hapa Kiwanja.

Juu ya kusimama mbele ya watu sina cha kukufundisha. Mimi nasimama mbele ya sufuria. Lakini naona hivi: waliona uso wako na hawajui waliona nini. Mbarushimana ana uso wake, hawezi kuwaonyesha wako. Na mashofere si wa kwanza. Wa kwanza ni yule mama.

Ninatuma hii na pikipiki juu Mama Kaswera anabaki mpaka soko iishe. Mungu aifikishe mapema.

Asma


Goma, tarehe 30 Desemba 2020

Yaya Asma,

Salamu nyingi, na kwa Jumaine busu moja, la upande wa kushoto. Mama anakuambia mbuzi ni wa kweli, alizaa mapacha.

Barua yako ilinifikia siku ya pili, Jumanne jioni, mambo yote yamekwisha pita. Lakini ulivyoandika ndivyo nilivyofanya, na niliposoma nililia na macho yote mawili.

Siku ya yenga, Jumapili, nilipanda pikipiki mpaka Kibati, bila maski. Dada wa marehemu alinizuia kwenye mulango. Nikamuambia, "Mimi ndiye niliyecheka. Nimekuja anitazame tena." Mama Mukamugema alisikia kutoka ndani akasema niachwe.

Alikuwa anachagua maharage kwenye lungo. Aliiweka pembeni, akanishika kidevu, akaugeuza uso wangu kwenye mwangaza kama unavyotazama mutoto mwenye homa. Akabonyeza shavu la kuume.

"Hapa unasikia?"

"Nasikia mukono wako. Lakini shavu halinitii."

"Funga jicho."

Nilijaribu. Halikufunga. Alikaa anatazama lile jicho kwa muda murefu.

"Kwa nini hukusema jina lake ile siku?"

"Halitoki, mama."

"Liseme."

Nikalisema, likatoka limevunjika, halina b wala m, kama jina la mutu mwingine. Akangoja. Niliweka kidole chini ya mudomo, nikausukuma juu kama daktari alivyonionyesha, nikaanza upya, polepole. Habumugisha. Alifunga macho yake. "Tena," akasema. Nikalisema tena. Machozi yake yalishuka mpaka kwenye shingo na hakuyafuta. Akaniambia, "Tangu tumuzike, hapa wote wanasema marehemu, marehemu. Hakuna mutu anayemutaja."

Nikamuambia na habari ya freni. Nilijua naweza kuondoka bila kuisema, na sikuweza.

"Najua," akasema. "Alirudi ile siku akanieleza. Hiyo sina namna ya kukufutia, mukobwa wanjye." Aliniita binti yake, kwa lugha ya kwao, katika neno lile lile la kukataa kunifutia, Yaya. "Hiyo uwaeleze wenzake wanaobaki barabarani."

Siku ya kwanza asubuhi mashofere walikuwa wamekaa juu ya magurudumu ya zamani, wengine wameegemea ukuta. Patron na Mbarushimana walikuwa kwenye ngazi. Nilishuka, nikapita mbele yao, nikaenda mpaka katikati ya parkingi. Mikono yangu haikuwa pale inapotakiwa kuwa, mumoja ulikuwa umeshika mudomo. Nikasema:

"Uso wangu umekufa upande mumoja tangu mwezi wa kumi. Nilificha. Hili jicho linatoa machozi lenyewe, musiliamini. Huu mudomo unapanda wenyewe, musiuamini. Muamini maneno." Halafu nikalitaja jina lake, lote, na lilichukua muda, na hakuna aliyenisaidia kulimaliza. Nikasema, "Aliniambia freni ni mbaya. Nilimuambia angoje. Kuanzia leo hakuna kamio inayotoka hapa mpaka shofere wake mwenyewe aseme freni ni nzuri. Si mimi, si Patron. Shofere."

Patron nyuma yangu akaita, "Ramla." Sikugeuka. Usifikiri ni ushujaa. Ningegeuka, kidole kingetoka kwenye mudomo na neno la mwisho lingepotea.

Mahamudi akaondoka kwenye gurudumu lake, akaja karibu sana, akaanza kunitazama waziwazi.

"Inauma?"

"Hapana. Inachosha."

"Unalala namna gani na jicho wazi?"

"Nalifunga na sparadra, ile plasta ya hospitali."

"Mama yangu ilimushika," mwingine akasema. "Tulifikiri ni uchawi." Wakaanza kusogea. Mumoja aliomba nifunge jicho aone. Mwingine alisema nikunje paji la uso. Walinizunguka karibu kama watu wanaotazama injini, na mimi nikawaonyesha kila kitu, na sikusikia haya. Sijui ilienda wapi. Nilikuwa nimeishi nayo miezi, na ikaniacha pale katikati ya wanaume wenye harufu ya mafuta.

Funguo walizichukua, lakini hawakuondoka. Walitoa koti, wakaweka jeki chini ya makamio, wakaanza kufungua magurudumu. Patron alibaki kwenye ngazi muda murefu. Kisha nikamusikia anapigia fundi simu.

Kazi bado niko nayo. Uso umeanza kusogea kidogo, kwenye kona ya jicho. Matanga ya Habumugisha yataondolewa mwezi wa pili, na Mama Mukamugema anasema nije na ndugu yangu.

Ramla


Kiwanja, tarehe 16 Februari 2021

Mudogo wangu,

Nilifika salama, kamio ilitembea vizuri, shofere alinionyesha freni kabla tuondoke, sijui alidhani nitaelewa nini. Watoto walifurahia samaki. Nuhu anasalimu.

Nakuandikia mapema juu kuna kitu nilikiona Kibati kwenye matanga na wewe hukukiona. Ulikuwa ndani yake.

Mimi waliniweka na wanawake upande wa ukuta, wewe wakakuweka mbele, karibu na mwenye nyumba, Mama Mukamugema, mukatazamana na mashofere wote na ukoo wa bwana yake. Nilikuwa nimekuja na hofu. Tulipoonana kwenye barabara nilikukumbatia haraka ili usione ninavyokutazama. Uso wako umerudi nusu ya njia, Ramla, lakini ile nusu iliyobaki mutu anaiona.

Wakaleta bugali na nyama. Ukaanza kula. Mama Mukamugema alikuwa anaeleza namna Habumugisha alivyokuja kwao kuposa, na viatu vya kuazima vilivyomubana mpaka akaomba ruhusa ya kuvivua mbele ya baba mukwe. Watu walikuwa wanacheka, wewe pia, na ule mudomo wako ukapanda upande mumoja, na muchuzi ukaanza kushuka upande wa pili. Hukuusikia. Ulifika kwenye kidevu. Niliona mashofere wameuona. Niliona mama mukwe wa nani sijui ameinamisha macho. Mimi nikaanza kuinuka, najipangusa mudomo wangu mwenyewe ili unione uelewe.

Yule mama hakukata hadithi yake. Alikuwa pale pa viatu. Aliinua ncha ya kitenge chake, akakufuta mudomo, akakufuta kidevu, vizuri, taratibu, akashusha kitenge, na maneno yalikuwa bado yanatoka kwenye kinywa chake, hayakusimama hata kidogo. Na wewe, ambaye ulikunywa chai umegeukia ukuta, ulimupa kidevu. Ulikiinua kidogo ili akifikie. Ukaendelea kumusikiliza na macho yakiwa kwake.

Watu wote walikuwa wanakutazama na wewe ulikuwa huna chochote cha kuwaficha. Sijui nikueleze namna gani. Mahamudi alivua kofia yake. Hakuna aliyemuambia avue, tulikuwa ndani tangu zamani. Aliishika kwenye magoti, akaendelea kula na mukono mumoja.

Mimi nilikaa tena. Nilikuosha uso huo ulipokuwa mutoto, na ile siku niliogopa kuugusa mbele ya watu. Nilikula chakula changu bila kuinua kichwa, kwa heshima, kama mutu aliyeketi mbele ya wakubwa wawili.

Mama umubusu kwa niaba yangu. Ndimi niliyekubeba,

Asma